Umri Nilioutaja Mulangoni

Juru, Nakivale, 2 Februari 2025

Mutoto wangu Bienfait,

Mi Appolinaire niko na miaka sabini na tisa. Nimezika mabibi wawili, nimemuzika ndugu yangu baba yako, nimepita vita tatu na kambi mbili mbele ya hii, na nimemupita yule munganga wa Uvira aliyesema sitafika Noeli. Noeli ilifika nikaikula na mbuzi. Munganga ndiye hakufika. Basi mutu kama mimi anapokuandikia, usome umekaa.

Hapa tuko wazima. Mariette dada yako anakusalimia, mashine yake ya kushona ingali inalia kutwa. Maharagi imeota vizuri, lakini mbuzi ya jirani ilikula mistari mbili, na jirani anasema ni mbuzi yangu. Mi sina mbuzi. Clémence na batoto banaendeleaje? Na yale matangi ya maziwa kule Bwizibwera, ungali unayatengeneza wewe mwenyewe ao bamekupa kazi ya kukaa kwenye kiti?

Sasa neno lenyewe. Nabintu, yule mama anayebeba maharagi yetu kupeleka soko ya Mbarara, aliniambia Jumamosi moja mchana alikuona unapanda ngazi nyuma ya duka la saruji, na suti nyeusi na glovu nyeupe. Yeye anafikiri umeingia kwaya. Mi sikucheka mbele yake. Mutoto wangu, glovu zile mi ninazijua! Umeingia Framasoni.

Usiogope. Huku batu banasema Framasoni banakunywa damu na kulala na nyoka. Ninabaacha baseme, juu mi mwenyewe ni Framasoni tangu Bukavu, tangu wewe hujazaliwa. Bwana wangu wa kahawa, yule Mbelgiji niliyeendesha gari yake, ndiye aliniingiza. Tabliye yangu, ile ngozi nyeupe ya mwana-kondoo ya kufunga kiunoni, niko nayo mpaka leo. Nilikimbia nayo. Ilibeba chumvi yetu toka Bukavu mpaka Uvira na haikupasuka. Hakuna kitu juu ya ile nyumba utaniambia ambacho mi sikijui.

Usinipigie simu kwa neno hili. Simu ya hapa ni ya Mariette, na anaiweka sauti ya juu mpaka jirani anajibu mbele yangu. Andika, umupe Nabintu. Yeye hasomi ya batu.

Baba yako mukubwa,
Appolinaire


Mbarara, 23 Februari 2025

Baba mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako nimeisoma nimekaa, kama ulivyoagiza. Clémence amepona malaria. Inès ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi kanisani. Bwizibwera sijapewa kiti: wiki iliyopita tangi kubwa liliacha kupoza, maziwa yakaganda, wafugaji wakanitukana kwa Kinyankore na mimi nikawajibu kwa Kifaransa, kila mtu akaenda zake ameridhika.

Baba mkubwa, nilipofika kwenye ile habari ya tabliye, nililia. Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu katika ukoo mzima, namficha hata Mariette.

Ni kweli, niko ndani. Loji yetu ni ndogo, sisi watu wa Kongo na Burundi, tunafanya kazi kwa Kifaransa. Mimi ni compagnon, grade ya pili, na ninataka kupanda ya tatu niwe Maître. Lakini tuna desturi yetu wenyewe. Wengi tulifika nchi hii bila karatasi na bila mtu. Kwa hiyo kabla mtu hajapandishwa kuwa Maître, lazima ndugu mmoja Framasoni aliyemfahamu tangu utoto asimame mbele ya wote na kusema: huyu ninamjua. Nimengoja muda mrefu, sina wa kusimama. Baba alifia njiani tulipokimbia, unajua. Waliokuja baada yangu wamenipita, kila mmoja na mjomba wake au mwalimu wake wa zamani.

Unisimamie, baba mkubwa. Niambie kitu kimoja tu, na uniambie wazi: uliishia grade gani? Apprenti, ya kwanza? Compagnon kama mimi? Ao Maître? Nahitaji kujua mapema.

Mwanao,
Bienfait


Juru, 16 Machi 2025

Bienfait,

Tuko wazima. Mvua imekuja na upepo, ikabeba bati moja ya choo. Mbuzi ile imerudi, safari hii nimeifunga, jirani amekuja kuikomboa na maneno matamu, kumbe ni yake.

Unaniuliza grade. Mi! Mi niliyekubeba siku ya ubatizo juu baba yako aliogopa kukuangusha! Unaniuliza kama askari wa barrière ya barabarani: wewe ni nani, onyesha. Sikiliza. Pale Bukavu nilipoingia mara ya kwanza batu balisimama wote. Vénérable wetu, mukubwa wa loji, muzungu wa ndevu mpaka hapa, alinipa mukono mara mbili siku moja. Bwana wa kahawa alisema mbele ya bibi yake kwamba Appolinaire ana akili kuliko gari. Sasa wewe umesoma, piga hesabu mwenyewe: mutu kama huyo alikuwa na grade gani?

Andika Maître. Uandike na herufi kubwa.

Nimekwisha kuwaambia batu wa hapa kwamba bakubwa wa Mbarara bananiita. Sikusema ni kwa nini. Bananipisha kwenye bomba la maji sasa.

Kitu kingine, kidogo tu. Tabliye ya ba-Maître kwenu iko na mupaka wa rangi gani pembeni? Yetu ya Bukavu ni ya zamani na mitindo inabadilika. Ninauliza kwa kulinganisha.

Baba yako mukubwa,
Appolinaire


Mbarara, 30 Machi 2025

Baba mkubwa,

Asante, asante. Clémence anafua mashuka ya wageni mara ya pili, na hata sijamwambia unakuja kwa ajili gani. Inès anauliza kama utakuja na mbuzi.

Mpaka ni wa bluu, upana wa vidole viwili.

Siku ni Jumamosi tarehe 26 Aprili, mchana. Nabintu atakuleta mpaka kwenye ngazi. Mlangoni utamkuta Aimable, Mrundi mwenye duka la dawa, yeye ndiye mlinzi wetu. Atakuuliza maneno machache kabla ya kukuingiza. Usimkasirikie, ndiyo kazi yake. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, wewe unayajua kuliko mimi.

Nimewatangazia wote: baba yangu mkubwa ni Maître wa Bukavu. Vénérable alifurahi sana. Amesema utakaa upande wa Mashariki, kando yake, mahali pa heshima.

Baba mkubwa, sijui niseme vipi. Siku hiyo mtu wa damu yangu atanitaja jina. Haijatokea tangu Baba alipobaki njiani.

Bienfait


Juru, 4 Mei 2025

Bienfait,

Nilifika muzima. Maharagi tumevuna. Si mingi, lakini ni kavu na haina wadudu. Ninakutumia kidogo na Nabintu.

Niliondoka haraka juu ya jicho. Jicho la kushoto linanisumbua kwenye jua la Mbarara. Na ile soda balinipa iko na sukari mingi, si nzuri kwa mutu muzima.

Musalimie Clémence. Umuambie kitanda kilikuwa kizuri.

Appolinaire


Mbarara, 1 Juni 2025

Baba mkubwa,

Maharage tumeyapata, asante. Kitanda hukukilalia.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nilitaka uanze wewe, lakini umeniandikia jicho. Basi nitakuambia ya upande wangu, kwa sababu ulikwisha kuondoka.

Nilikuwa kwenye kile chumba kidogo cha pembeni, nimeshatayarishwa, nangoja kuitwa. Nikasikia Aimable amepita kwenda kwa Vénérable, akanong'ona. Kisha nyundo ikagonga, kazi ikafungwa kabla haijaanza. Vénérable akaja kwangu mwenyewe, akaniuliza polepole: «Bienfait, nani alikuambia huyu mzee ni Maître?» Nikasema: yeye mwenyewe. Hakunigombeza. Alitazama chini. Wote walitazama chini, baba mkubwa, watu wazima na suti zao, wakivua glovu. Ningetukanwa ningefurahi.

Sasa nimewekwa kando. Nilileta mlangoni mtu aliyejivika grade isiyo yake, na nilimtangaza mimi. Sijui mpaka lini.

Na kuna neno linanikosesha usingizi. Hatukuhitaji Maître. Soma tena barua yangu ya Februari: nilisema ndugu Framasoni, basi. Hata apprenti wa siku moja angetosha. Niliuliza grade ili nijue nikupangie wakati gani wa kuingia, kwa kuwa kazi ya Maître apprenti haoni, angesema neno lake mapema kisha atoke. Ni hilo tu nililouliza.

Tabliye uliiacha kwenye kiti cha barazani. Nimeikunja, Nabintu anakurudishia. Ule mpaka wa bluu nimeutambua. Ni kitambaa cha sare ya shule ya Juru, Mariette aliwashonea wanangu sare hiyo mwaka ule waliokaa kwenu. Aimable aliutambua kabla yangu na hakumwambia mtu.

Siandiki kukushtaki. Ninataka jibu la swali moja. Kwa nini?

Bienfait


Juru, 17 Agosti 2025

Bienfait, mutoto wa ndugu yangu,

Nabintu amekuja hapa safari mingi nikimurudisha mikono tupu. Ya mwisho alisimama kwenye mulango na mukono kiunoni. «Muzee, wewe unayeongea mpaka kuku banakimbia, leo kijikaratasi kimoja kinakushinda?» Nikamuambia aende na maharagi yake. Akasema: «Bienfait amekonda.» Akaenda.

Sasa ninaandika. Usimusomee mutu.

Tulipofika kwenye ile ngazi mi nilipanda peke yangu, Nabintu akabaki chini. Kwenye mulango nikamukuta yule Aimable, kijana wa miwani, anaweza kuwa mujukuu wangu. Nikafungua mufuko, nikavaa tabliye. Nilijisikia mukubwa, Bienfait. Nilijisikia kama muzungu wa ndevu. Aimable akatazama ule mupaka wa bluu. Akautazama kwa muda. Mariette alivunja sindano mbili juu ya ngozi ile, nilimudanganya ni ya mupishi wa arusi.

Aimable akaniuliza kwa Kifaransa, na adabu yote: «Una umri gani?»

Wewe unajua. Apprenti akiulizwa hivyo kwenye mulango anajibu miaka tatu, hata akiwa na mvi mpaka masikioni, juu pale ndani yeye ni mutoto. Kila grade iko na umri wake. Ile miaka tatu ya apprenti nilifundishwa, ninaijua kama jina la mama yangu. Ile ya Maître sijui. Hakuna mutu aliyenifundisha. Nikaona nikisema tatu, kila mutu atajua. Mulango uko wazi kidogo, ndani ninaona kiti cha Mashariki bamenitengenezea, na kitambaa juu yake.

Basi nikasema: «Sabini na tisa! Na wewe, mutoto, una ngapi?»

Alisawazisha miwani yake. Nikafikiri ameogopa. Akaniuliza tena, pole zaidi, kama mutu anayemushika kipofu mukono: «Mzee wangu, umri wako wa hapa. Una miaka mingapi?» Alikuwa ananifungulia mulango, Bienfait. Ningalisema tatu pale pale, angaliniingiza. Leo ninaelewa. Nikamukazia macho nikasema: «Uliza Mbelgiji!»

Akanishika mukono, akanipeleka kwenye kiti cha baraza. Akaniletea soda, ameshaifungua. Akasema: «Ngoja hapa, mzee wangu.» Nikasikia nyundo. Nikasikia viti. Nikavua tabliye, nikashuka. Kule chini Nabintu akauliza: «Imeisha upesi hivi? Na mufuko wako mbona mwepesi?» Nikamuambia bamenipongeza.

Uliuliza kwa nini. Nilikuwa apprenti miaka yote ile ya Bukavu mpaka vita. Apprenti hapaswi kusema kitu ndani ya loji, anakaa Kaskazini ananyamaza, anasikiliza. Mi nilikuwa ninasema. Kila mara kitu kiliniwasha, nikasema. Yule Vénérable wa ndevu aliniambia: «Appolinaire, utapanda siku utakayonyamaza.» Vita ikafika ningali ninaongea.

Na wewe uliandika kwamba ulilia juu ya tabliye yangu. Hakuna mutu aliyelia kwa ajili yangu kwa furaha. Ulipouliza grade, nikaona nikisema ya kwanza, utafuta yale machozi.

Ninasikia haya. Ninaisikia hata nikiwa peke yangu kwenye shamba, ninageuka kama mutu ameniita.

Appolinaire


Mbarara, 7 Septemba 2025

Baba mkubwa,

Uliniambia nisimsomee mtu. Nilimsomea Vénérable. Unisamehe, ao usinisamehe, lakini usikilize kwanza.

Alicheka pale pa «uliza Mbelgiji», akafuta macho. Akasema apprenti wa Bukavu ni apprenti mpaka leo, mlango wake haujafungwa na vita wala na kitambaa cha shule. Unaweza kuja kukaa nasi. Lakini utakaa mahali pako, Kaskazini, na apprenti wenzako. Mdogo wao ana miaka ishirini na minne na anauza kadi za simu. Tabliye isiwe na mpaka. Na utanyamaza kama wao. Septemba, Oktoba, Novemba, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Ukifika Novemba hujasema neno, siku ile kabla apprenti na compagnon hawajatolewa, utapewa ruhusa ya kunisimamia. Sentensi moja.

Aimable ndiye aliyeomba hivyo. Aliomba amesimama. Alisema siku ile mlangoni aliona uso wa mtu anayezama na hakujua amshike wapi.

Najua ninachokuomba. Najua unavyopenda kuongea, baba mkubwa, na najua utakaa kando ya nani. Ukikataa nitaelewa. Mimi nitaendelea na matangi yangu, na grade ya pili pia ni grade.

Bienfait


Juru, 21 Septemba 2025

Bienfait,

Hapana. Mi sitaki. Mi kukaa na muuza kadi, nimefunga mudomo kama debe la mafuta, miezi tatu, kwa umri wangu! Batanicheka mpaka Burundi. Yule Aimable naye, nani alimutuma kuniombea? Na sentensi moja! Sentensi moja ni kitu gani? Mi nikisalimia tu ninapita sentensi moja. Umuambie Vénérable wako kwamba Appolinaire hajazaliwa jana na hawezi kufundishwa kukaa.

Nabintu anasema barabara ya Kabingo imeharibika, tutoke asubuhi sana. Mariette ananipigia suti pasi.

Appolinaire


Juru, 7 Desemba 2025

Bienfait, mutoto wangu,

Tumefika salama. Mariette anakusalimia, na batu ba hapa banakusalimia pia bila kujua kwa nini. Mvua ni mingi. Maharagi ya safari hii itakuwa nzuri. Mbuzi imezaa mapacha, na jirani amenipa mmoja. Umuambie Inès, sasa niko na mbuzi.

Wewe ulikuwa ndani, uliona yote, lakini ninataka uone yangu ambayo hukuiona.

Mbele ya safari ya kwanza nilifumua ule mupaka mimi mwenyewe, na wembe, kwenye mulango, kwenye mwanga. Mariette akasimama juu yangu. «Baba, mupishi amekataa?» Nikamuambia ukweli: ile haikuwa ya mupishi, nilijishonea cheo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha aliponitazama uso aliacha kucheka, akanyanyua ule mukanda wa bluu pale chini, akaenda kushona nao kola ya mutoto wa shule. Mi nikageuza tabliye kwenye jua. Ngozi si kitambaa, Bienfait. Kitambaa ukikifumua kinajifunga. Ngozi inabaki na matundu. Iko pale pembeni yote, kama siafu wamepita kwa mustari, na hakuna pasi itaitoa.

Septemba Aimable aliniuliza umri. Nikasema tatu. Sauti haikutoka vizuri, nikasema tena: «Tatu.» Akafungua. Nikapita mbele ya kile kiti cha Mashariki nikaenda Kaskazini. Yule muuza kadi akanisogezea nafasi. Mwezi ule mutu mumoja alisema kitu juu ya Bukavu ambacho si kweli, alisema ile nyumba ilikuwa karibu na bandari. Haikuwa karibu na bandari! Nilishika goti langu na mikono miwili. Muuza kadi aliona akanipa pipi ya mint. Ninafikiri yeye pia inamuwasha.

Oktoba nilisinzia. Hiyo nayo ni kunyamaza.

Kwa Novemba nilitengeneza maneno tangu Juru. Sentensi moja, lakini ndefu, mi si mujinga: nilitia na, na, na, ningeweza kwenda mpaka jioni bila nukta. Nilitia baba yako na kahawa na ubatizo, na chumvi, na namna ulivyozaliwa na kamba shingoni ukalia kabla ya kupigwa. Nabintu alinisikia nikiirudia njia yote. «Muzee unasali?» Nikasema ndiyo.

Kisha Vénérable akagonga, akasema ndugu apprenti wa Kaskazini ana ruhusa. Nikasimama. Bote bakageuka. Nilikuwa nimengoja batu bageuke namna ile tangu Bukavu. Nikakuona wewe, umesimama katikati, mikono chini, shingo imeinama kidogo upande wa kushoto kama ya baba yako. Haukunitazama. Uliogopa kunitazama. Nikaelewa unangoja nikuaibishe mara ya pili.

Ile sentensi yote ikatoka kichwani kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Nikasema: «Huyu ninamujua.»

Nikakaa. Bakangoja. Nikaona Aimable ananitazama kama kusema, endelea mzee, hiyo ni nusu. Nilikuwa nimemaliza.

Tukatolewa. Nikakaa kwenye baraza, kiti kile kile, na soda ile ile, na nikaikunywa yote. Muuza kadi akakaa kando yangu akaniuliza: «Mzee, unafikiri huko ndani wanamfanya nini?» Nikamuambia sijui. Ni mara ya kwanza nimetumia neno hilo Mbarara. Na sijui kweli, na wewe ulipotoka na uso ule, umelia ao umecheka, sikukuuliza. Kifungo cha koti yako kilikuwa kimefunguka, nikakifunga. Sasa wewe unanipita umri pale ndani, ni sawa. Umri wenyewe usiniambie.

Kwenye ngazi uliniuliza kama ninataka kupanda ya pili, juu Vénérable amesema mwakani inawezekana. Ninataka. Mi sitadanganya tena, ninataka sana, na usiku mwingine ninajiona nayo. Lakini niache kidogo na hii ya kwanza. Nimeibeba maisha yote na sijapata kuikalia vizuri.

Ile haya yangu haijatoka yote. Nilifikiri ukiisha kupandishwa itatoka. Ninapita karibu na shule ya Juru saa ya batoto kutoka, bluu ile inajaa njia nzima, na mi ninasimama pembeni mpaka bapite.

Batu kwenye bomba la maji bananiuliza: «Muzee Appolinaire, Mbarara walikufanyia nini?» Ninasema: nilikaa. «Ukasema nini?» Nilinyamaza. Hapo banapiga makofi kwa kicheko, hakuna hata mumoja anayeamini. Maneno yote ya uongo niliyowapa baliamini.

Basi kama kuna mutu anakataa kwamba mi nilinyamaza miezi tatu, aende kwa Aimable, duka la dawa, Mbarara, yeye alikuwa kwenye mulango. Kama anakataa kwamba nilirudi bila kujisifu, amuulize Nabintu, aliyekaa na mi kwenye gari toka Mbarara mpaka Misiera, njia ya kurudi, siku ile bila kusikia neno, mpaka akanishika paji la uso akifikiri ni malaria. Ya matundu amuulize Mariette, juu yeye ndiye aliyeyatoboa. Na kama anakataa kwamba ninakujua, amuone yule muuza kadi. Alisikia.

Baba yako mukubwa,
Appolinaire, miaka tatu